Tone la Maji Kwenye Mrija: Mwongozo wa Kutumia na Kutunza Kifaa cha Kusikia cha Nyuma ya Sikio

Kila asubuhi kifaa cha shangazi yangu kilikuwa kizima. Ikifika adhuhuri, kimekufa.

Shangazi anaishi Tanga, na kifaa chenyewe ni kile cha kusikia kinachokaa nyuma ya sikio. Alibadilisha betri, hakikupona. Akampa mtu wa kuaminika akipeleke kwa basi Dar es Salaam. Fundi akakipima, akakirudisha na jibu kwamba ni kizima. Akakivaa. Adhuhuri, kimya. Akakituma mara ya pili, jibu likawa lile lile na nauli ikawa imekwenda na maji. Basi akakifunga kwenye leso, akakitia kabatini, akasema mashine za siku hizi zina ukaidi.

Nilipokwenda kumsalimia nilimwomba akivae tena. Tukakaa barazani mpaka jua likawa la utosi, na kifaa kikanyamaza kama kawaida yake. Nikakichukua, nikakiinua kwenye mwanga. Ndani ya mrija wa plastiki, pale unapopinda kuingia sikioni, lilikuwa limekaa tone la maji lisilozidi punje ya ufuta. Basi, hilo tu. Hewa ya sikioni ina joto na unyevu. Ikipanda ndani ya mrija hupoa na kuwa matone, na tone likishaziba njia sauti haipiti. Usiku mrija hukauka, asubuhi kifaa huamka kizima. Safari ya basi nayo ilikuwa ndefu ya kutosha kukausha kila kitu kabla fundi hajakigusa.

Naanza na tone hilo kwa sababu vifaa vingi vilivyolala kabatini havijaharibika. Vimeziba, vimelowa, betri imegeuzwa, au mwenyewe alipewa bila kuonyeshwa namna ya kuvitunza. Mwongozo huu ni wako wewe unayevaa, na pia ni wa yule anayekaa nawe: mjukuu mwenye macho makali, mke mwenye vidole vyepesi, mwalimu wa darasani. Kazi yote haizidi dakika tano asubuhi na tano usiku.

Kijue kabla hakijakusumbua

Kifaa hiki, ambacho wengine hukiita shimesikio, kina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni mwili wake uliopinda kama mbegu ya korosho, unaokaa nyuma ya sikio. Ndani yake mna maikrofoni inayonasa sauti, saketi inayoikuza, spika inayoitoa, na betri. Ukiutazama kwa juu utaona kitundu kimoja au viwili vidogo sana: hiyo ndiyo midomo ya maikrofoni. Chini kuna kimlango cha betri. Juu kabisa kuna ndoano, kile kipande kigumu cha plastiki kinachopita juu ya sikio.

Sehemu ya pili ni mrija na moldi. Moldi ni ile plastiki au silikoni iliyofinyangwa kwa kipimo cha sikio lako mwenyewe. Haiazimwi, kama meno ya bandia yasivyoazimwa. Sauti hutoka kwenye spika, hupita kwenye ndoano, ikateremka kwa mrija na kuingia sikioni kupitia tundu la moldi. Shika njia hiyo kichwani, maana matatizo mengi huwa ni kizuizi mahali fulani katika njia hiyo.

Vifaa vingine havina moldi. Vina mrija mwembamba wenye kofia laini ya silikoni mwishoni. Hapa angalia sana. Kama ndani ya mrija huo mwembamba unapita waya, basi spika yenyewe iko kule mwishoni, ndani ya sikio. Aina hiyo haioshwi kwa maji hata kidogo. Hufutwa kwa kitambaa kikavu na kupigwa brashi, na kofia yake hubadilishwa ikichakaa.

Kama una vifaa viwili, tafuta alama za rangi: nyekundu ni sikio la kulia, bluu ni la kushoto. Usivibadilishe. Kila kimoja kimepangwa kufuata kipimo cha sikio lake, ule mchoro uitwao odiogramu. Omba nakala ya mchoro huo uihifadhi pamoja na vyeti vyako. Kifaa kikipotea, au ukihamia mji mwingine, mtaalamu mpya atajua pa kuanzia. Ndiyo sababu pia usinunue vikuza sauti vinavyouzwa bila mtu kupima masikio. Vinapaza kila kitu kwa kiasi kimoja, wakati masikio mengi yamepungukiwa na sauti fulani tu.

Kuvaa na kuvua

Kaa mezani, tandaza taulo. Kifaa kikianguka kwenye sakafu ya saruji, hasara yake utaijua siku hiyo hiyo.

Anza kikiwa kimezimwa, yaani kimlango cha betri kiko wazi kidogo. Shika moldi kwa kidole gumba na cha shahada. Ingiza kwanza ile ncha inayokwenda ndani ya tundu la sikio. Kwa mkono wa pili vuta sikio juu na nyuma taratibu, tundu lifunguke; kisha zungusha moldi kuelekea nyuma mpaka sehemu yake ya juu ijifiche chini ya ule ukunjo wa sikio. Ibonyeze ikae. Hapo ndipo upitishe mwili wa kifaa nyuma ya sikio, ukiangalia mrija usijisokote. Sasa funga kimlango, kifaa kiwake.

Moldi isipokaa sawa hujitangaza yenyewe kwa mluzi. Pitisha kidole juu yake: ukigusa kipembe kilichochomoza, huyo ndiye mkorofi.

Wakati wa kuvua, zima, toa mwili wa kifaa nyuma ya sikio, kisha shika moldi yenyewe na kuizungusha mbele itoke. Usivute mrija. Mrija si mpini.

Wiki za mwanzo

Siku ya kwanza utashtuka. Ufagio unaofagia uwanja utakwaruza kama jembe kwenye changarawe, friji itanguruma, na sauti yako mwenyewe itatoka kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Si kosa la kifaa. Ubongo wako umekaa miaka mingi bila sauti hizo, umesahau zipi za kusikiliza na zipi za kupuuza. Unaufundisha upya.

Usianzie sokoni wala harusini. Siku chache za kwanza vaa ukiwa nyumbani, saa mbili au tatu, ukizungumza na mtu mmoja, redio ikiwa imezimwa. Ongeza muda kila siku. Baadaye keti na watu wawili watatu. Halafu nenda msikitini au kanisani, ukae mbele, mbali na feni na spika kubwa. Soko na stendi ya mabasi viwe vya mwisho. Watu wengi huchukua wiki kadhaa, wengine miezi, kabla kifaa hakijawa sehemu ya mwili.

Andika yanayokukera: “Vyombo vikigongana naumia.” “Sauti ya mjukuu siielewi.” Orodha hiyo ipeleke kwa mtaalamu wa usikivu, kwa kuwa kifaa hurekebishwa zaidi ya mara moja. Anayesema tu “hakinifai” hasaidiki; anayesema hakimfai wapi na lini husaidika siku ile ile.

Na walio nyumbani wana sehemu yao. Kifaa hakirudishi masikio ya ujana. Mkaribie, mtazamane, mwite jina kwanza, ongea kwa kasi ya kawaida. Kupiga kelele kunavuruga maneno na kunamwumiza mvaaji.

Betri: kibandiko, subira na kitabu cha hesabu

Betri nyingi za vifaa hivi hutumia hewa. Juu yake kuna vitundu vidogo vilivyozibwa kwa kibandiko chenye rangi. Rangi ndiyo inayokuambia saizi: njano ni 10, kahawia ni 312, chungwa ni 13, bluu ni 675. Vifaa vya nyuma ya sikio mara nyingi hutumia 13, vile vya nguvu nyingi hutumia 675, na vidogo vyembamba hutumia 312.

Ukibandua kibandiko, hewa huingia na betri huamka. Iache wazi mezani kwa dakika mbili hadi tano kabla ya kuitia kwenye kifaa; ukiifungia haraka inakosa pumzi na maisha yake yanafupika. Kukirudisha kibandiko baadaye hakuilazi tena, kwa hiyo usibandue betri ya akiba. Upande bapa wenye vitundu ndio wa alama ya kujumlisha (+). Ufananishe na alama iliyo kwenye kimlango. Kimlango kikigoma kufunga, usitumie nguvu. Betri iko kichwa chini.

Sasa hesabu. Betri ya 13 hukaa takribani wiki moja hadi mbili, kutegemea saa unazovaa na nguvu ya kifaa. Ikikaa wiki mbili, sikio moja linakula betri 26 kwa mwaka. Masikio mawili, 52. Kabla hujapokea kifaa, hata kama ni cha msaada, uliza mambo mawili: betri zake ni saizi gani, na zinauzwa duka gani karibu nawe. Kifaa cha bure kisichopatikana betri ni pambo. Andika tarehe kwenye kalenda kila unapobadilisha. Betri iliyozoea kufika siku kumi ikianza kuisha siku ya tatu, ama umenunua zilizokaa sana dukani, ama kifaa kina tatizo.

Zihifadhi mahali pakavu pasipo joto, lakini si kwenye friji. Usizitie mfukoni pamoja na sarafu au funguo. Chuma kikigusa pande zote mbili, betri huisha hapo hapo na inaweza kupata moto.

Na hili lishikwe na wote nyumbani: betri ndogo ni hatari kwa mtoto. Akiimeza, au akiitia puani au sikioni, mpeleke hospitali mara moja bila kungoja dalili.

Kama kifaa chako ni cha kuchaji, kikaushe kabla ya kukiweka kwenye chaja, na kichaji kila usiku. Umeme wa kwenu ukiwa wa kukatika-katika, tafuta namna ya kukichaji kwa pawabenki kabla hujakwama.

Asubuhi: macho, kitambaa, masikio

Macho kwanza. Inua mrija kwenye mwanga: kuna tone? Tazama tundu la moldi: kuna nta? Tazama vitundu vya maikrofoni: kuna vumbi au mafuta ya nywele? Kitambaa kikavu kipite juu ya mwili wa kifaa, na brashi laini ipite kwenye maikrofoni, ukikielekeza kifaa chini ili uchafu udondoke usirudi ndani.

Kisha jaribu masikio. Mwalimu wa viziwi Daniel Ling aliacha kipimo rahisi cha sauti sita, na kwa bahati njema zote zimo katika Kiswahili: m, u, a, i, sh, s. M ni nzito na ya chini, s ni nyembamba na ya juu. Hizo nyingine zimesambaa katikati, na zote pamoja zinagusa eneo kubwa la sauti za mazungumzo. Mtu akae nyuma yako umbali wa hatua moja au mbili, atamke moja moja kwa sauti ya kawaida, akibadilisha mpangilio na kuacha kimya cha urefu tofauti ili usibahatishe. Wewe rudia ulichosikia. Ukizoea utajua zipi huzipati siku zote. Siku sauti uliyokuwa ukiipata inapopotea, chunguza kifaa kabla ya kulaumu sikio.

Usiku: fungua, kausha, osha

Kila usiku futa kifaa, fungua kimlango cha betri kabisa, kiache wazi. Hewa ipite, betri ipumzike.

Mara moja au mbili kwa wiki, au kila siku kama sikio lako lina nta nyingi, osha moldi. Shika ndoano kwa mkono mmoja na mwanzo wa mrija kwa mwingine, uvute taratibu mpaka viachane. Mwili wa kifaa uweke mbali na beseni. Hauguswi na maji. Moldi na mrija wake vitie kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni laini, sugua kwa mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo, suuza. Spiriti usitumie, inakausha na kupasua plastiki. Kung'uta, kisha sukuma maji yaliyobaki mrijani kwa pampu ndogo ya mpira. Kupuliza kwa mdomo si dawa, kwa kuwa pumzi yako nayo imejaa unyevu. Viache vikauke usiku kucha.

Asubuhi vipachike tena, ukiangalia mkunjo wa moldi uelekee upande ule ule wa mkunjo wa kifaa. Wenye vifaa viwili waoshe moja kwanza, wamalize, ndipo washike ya pili.

Mrija una umri wake. Kila miezi mitatu hadi sita hugeuka njano, hukakamaa na kusinyaa. Ubane kwa vidole viwili: ukinesa, bado upo, ukiwa mgumu kama tambi mbichi, kabadilishiwe. Ni kazi ndogo kwa mtaalamu. Usiunganishe mrija uliopasuka kwa gundi ya dukani.

Jasho, chumvi na udi

Sisi wa pwani tuna adui ambaye vitabu vya maelekezo humtaja kwa mstari mmoja tu. Mombasa, Tanga, Unguja, Dar: hewa yenyewe ni maji, jasho halikauki, na upepo wa bahari una chumvi. Mwenye kifaa huku anahitaji chombo cha kukaushia kama anavyohitaji betri.

Chukua chupa ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Weka ndani zile chembechembe za kufyonza unyevu zinazouzwa kwa ajili ya vifaa hivi. Hata vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya husaidia, lakini vikishashiba unyevu havifanyi kazi tena. Zile zinazobadilika rangi ni bora, maana zinakuonyesha zilipochoka. Kifaa kilale humo. Betri ya hewa itoe kwanza uiweke pembeni, maana ukavu ule unaipunguzia maisha. Wengine huchomeka kifaa kwenye debe la mchele kama simu iliyoanguka majini. Usifanye hivyo, vumbi la mchele huingia kwenye maikrofoni.

Mrija unaotunga matone kila siku hauna budi kuwa na pampu yake. Shangazi aliwekewa pia mrija wa aina inayopunguza kutunga maji. Uliza kama mtaalamu wako anayo.

Kuna mambo ya kila siku pia. Kifaa kiwe cha mwisho kuvaliwa na cha kwanza kuvuliwa: paka mafuta, nyunyiza marashi, jifukize udi, chana nywele, ndipo uvae. Wakati wa udhu kivue kabla hujafika kwenye bomba, kitie kwenye kijaluba mfukoni badala ya kukiegesha ukutani, na ufute masikio yakauke kabla ya kukirudisha. Kuoga, kuogelea na mvua ya masika, vivyo hivyo. Mtandio mzito unaobana sikio unakwaruza maikrofoni na huweza kuleta mluzi. Chagua kitambaa chepesi. Barakoa na miwani vivue kwa mikono miwili, taratibu, visije vikakirusha. Na usikiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kikipiga mluzi

Mluzi ni sauti iliyotoroka. Imetoka kwenye spika, ikapenya pembeni, ikarudi kwenye maikrofoni na kukuzwa tena, ikazunguka hivyo mpaka ikawa kelele. Kazi yako ni kutafuta ilipotorokea.

Bonyeza moldi ikae vizuri. Mluzi ukikoma, umemaliza. Ukiendelea, kivue kikiwa kimewashwa na uzibe tundu la moldi kwa kidole gumba. Mluzi ukikoma, kifaa na mrija ni vizima: tatizo liko sikioni, ama nta imeziba na kurudisha sauti, ama moldi imekuwa ndogo na kupwaya. Usipokoma, chomoa mrija na uzibe tundu la ndoano. Ukikoma sasa, mrija ndio uliopasuka. Bado unalia? Hapo kipeleke kwa mtaalamu.

Kupunguza sauti ya kifaa kunaficha mluzi tu, na wewe unabaki husikii.

Kikinyamaza

Fuata njia ya sauti, usiruke hatua. Je, kimlango kimefunga? Swichi, kama ipo, haiko kwenye T, ile nafasi ya kupokea sauti kutoka simu au ukumbi wenye waya maalumu? Tia betri mpya uliyoiacha ivute hewa. Tazama tundu la moldi, tazama mrija, piga brashi maikrofoni.

Kisha fanya kipimo cha kiganja: kifumbate kifaa kilichowashwa ndani ya mikono miwili. Vifaa vingi vikiwa hai vitapiga mluzi. Kikipiga ukiwa umechomoa mrija, lakini hakipigi mrija ukiwapo, umekwisha kumpata mwizi bila kupanda basi. Na ukikituma kwa fundi, andika kwenye karatasi: kinakufa saa ngapi, baada ya kufanya nini. Laiti shangazi angeandika “adhuhuri tu”, huenda fundi angeuliza habari za jasho.

Simu

Sikio lako la pili sasa liko juu, pale penye maikrofoni. Usiibandike simu kwenye moldi. Ipandishe kidogo nyuma ya sikio, iinamishe, mpaka sauti ije. Kama kifaa chako kina bluetooth, mtaalamu akuunganishie kabla hujaondoka ofisini kwake. Yote mawili yasipowezekana, washa spika ya simu. Si aibu.

Mtoto mwenye kifaa

Sikio la mtoto linakua, moldi haikui. Katika mwaka wa kwanza huenda ikahitajika mpya mara kadhaa, na mluzi usiokwisha ndiyo barua ya kukukumbusha. Omba kimlango cha betri chenye kufuli. Funga kifaa kwa uzi na klipu kwenye nguo, mgongoni. Mwalimu apewe betri ya akiba, afundishwe kubadilisha na kupima zile sauti sita. Mtoto mwenyewe, akifika umri wa kushika kalamu, ajifunze kukifuta. Kila siku anayokaa bila kifaa ni siku ya maneno asiyoyapata.

Usiyoyaamulia nyumbani

Sikio likitoa usaha au damu, au likiuma, vua kifaa umwone daktari wa masikio, pua na koo. Moldi ikichubua, usivumilie, inachongwa. Nta isichokolewe kwa njiti ya kiberiti, pini, pamba ya kijiti wala unyoya wa kuku. Unaisukuma ndani na unaweza kutoboa ngoma. Mhudumu wa afya ana njia salama. Na kama usikivu umepotea ghafla, kwa saa chache au siku moja mbili, usifikiri ni betri. Jaribu kifaa kwenye kiganja. Kikiwa kizima, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa matibabu ya hali hiyo hayangoji. Vinginevyo, pima masikio kila mwaka na kifaa kipangwe upya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma. Wengi hawajapata kifaa. Wewe umekipata, kisilale kwenye leso.

Juzi nilimpigia shangazi saa sita mchana. Simu ikapokewa na mjukuu wake.

“Mjomba, bibi anasema usubiri kidogo. Mrija una tone.”

Nikasikia pampu ikipumua mara mbili, kisha mlango mdogo ukifungwa, kaa! Halafu shangazi mwenyewe: “Haya, sema.”